Siku ya kufika Mombasa na watoto: mitelezo ingoje kesho

Swali: Shikamoo dada. Tuko Nakuru, mimi na mume wangu, watoto watatu (miaka 9, 6 na 2) pamoja na mama mkwe, ambaye hajawahi kuiona bahari. Agosti, shule zikifungwa, tunataka kuja Mombasa siku nne. Watoto wanaimba Wild Waters, pale penye mitelezo ya maji Nyali, tangu Pasaka. Tumepanga tupande treni ya usiku Alhamisi, tufike Ijumaa alfajiri, tuache mizigo hotelini Nyali, halafu twende moja kwa moja kwenye mitelezo ya maji tukashinde huko ili siku isipotee. Tiketi bado hatujakata. Waonaje?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Mpango hauko sawa, na nimefurahi kusikia tiketi hamjakata, maana nusu ya jibu langu iko kwenye hiyo tiketi.

Hebu tuihesabu Alhamisi yenu. Treni ya usiku hutoka Nairobi saa nne, na kituo chenyewe kiko Syokimau, si katikati ya mji. Inabidi muwe pale si chini ya saa moja kabla, kwa sababu kuna ukaguzi: mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wakapitishwa kuinusa, kisha mashine, kisha vitambulisho. Kutoka Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160, na magari ya Nairobi jioni unayajua. Kwa hiyo mtatoka nyumbani saa nane mchana mkitaka kwenda kwa amani. Treni itawashusha Miritini, kituo cha Mombasa, kati ya saa tisa na saa kumi alfajiri. Huyo wa miaka 6 atakuwa amelala vipande vipande, ameketi, shingo imepinda, na mdogo atakuwa amelala juu yako. Mama mkwe hatasema kitu, lakini miguu yake itakuwa imevimba.

Sasa mko Miritini, giza bado. Hoteli nyingi hutoa vyumba saa nane mchana. Kutoka saa kumi alfajiri hadi saa nane mchana ni saa kumi nzima, watu sita, bila kitanda. Hapo ndipo unapotaka kuwapandisha ngazi za mtelezo.

Nina nyumba ndogo za kupangisha hapa Nyali, na nimepokea familia za kutoka bara miaka mingi. Zamani nilikuwa nikisema ndiyo kwa mipango kama hii. Familia moja nikaiambia kabisa: leteni mizigo kwangu, nendeni tu mkacheze. Saa nane na nusu wakarudi kuchukua ufunguo. Baba ameshika viatu vya watu wote. Mtoto wa pili amebebwa, amelala fofofo na kaptula inachuruzika maji, nikaambiwa alilala tangu saa tano juu ya taulo chini ya meza. Yule mkubwa alikuwa amenuna kwa sababu amezuiwa kurudi kwenye mtelezo mrefu na hakuna mtu mzima aliyekuwa na nguvu za kumsindikiza. Usiku mmoja wao akatapika, jua na uchovu vimekutana tumboni. Kiingilio walikuwa wamelipia cha siku nzima, watu wote sita. Asubuhi ya pili, siku ambayo ndiyo ingefaa, hakuna aliyetaka kusikia habari ya maji. Kosa lilikuwa langu, na tangu hapo nikiulizwa nasema hapana.

Chukueni treni ya asubuhi. Inatoka saa mbili kamili na kuingia Miritini karibu na saa nane mchana, wakati ule ule vyumba vinapofunguliwa. Maana yake mlale Nairobi usiku wa kuamkia safari, na najua utaniambia hiyo ni gharama nyingine. Ni kweli. Lakini familia gani ya Nakuru haina ndugu Nairobi wa kumlaza mtu sebuleni usiku mmoja? Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 1,500 kwa mtu mzima tangu Januari 2024. Mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, na aliye chini ya miaka 3 halipi ila hana kiti chake. Kwenu ni watu wazima watatu, 4,500, na watoto wawili, 1,500: jumla shilingi 6,000 kwenda tu. Mnakata kwa simu, *639#, na kulipa kwa M-Pesa. Agosti usingoje wiki ya mwisho. Weka pia nakala za vyeti vya kuzaliwa vya watoto karibu na mkono, asije mtu akabisha juu ya umri wa huyo mdogo pale langoni.

Na hiyo treni ya mchana ni sehemu ya likizo, ya usiku siyo. Viti hutazamana, vitatu upande huu wa njia na viwili upande ule. Mkipata vitatu vinavyotazamana na vitatu vingine mmepata sebule. Huyo wa miaka 9 mpe karatasi yenye majina ya vituo: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi, Mariakani. Kila treni ikisimama akate mstari. Baada ya Mtito Andei reli inapita ndani ya Tsavo, na hapo macho dirishani, kwa sababu ndovu wa huko ni wekundu kwa vumbi la udongo wao na ukiwaangalia haraka utadhani ni vichuguu. Usiwaahidi watoto ndovu, sema tu “tuone nani ataona kwanza”. Wala usijali wakisinzia baada ya Voi. Huo usingizi ndio tunaoutaka.

Mkishindwa kabisa, ikawa ya usiku ndiyo pekee iliyobaki, basi fanyeni moja kati ya mawili. Ama mlipie chumba kuanzia usiku wa Alhamisi, mfike mlale vitandani hadi saa tano. Ama mzungumze na mwenye nyumba mapema, kwa simu, mkubaliane awapokee asubuhi kwa nyongeza. Nyumba ndogo hukubali, hoteli kubwa hutegemea kama chumba kiko tupu. Ombi hili hufanywa wiki mbili kabla. Ukiliomba alfajiri mbele ya mlinzi, mtoto mgongoni, utajibiwa na mlinzi.

Turudi kwenye treni ya asubuhi. Miritini hadi Nyali ni kama kilomita 20 na njia inapita Changamwe, penye malori ya bandari. Saa nzima mara nyingine huishia hapo, hivyo ihesabuni. Gari lipangeni kabla ya kufika, awe ni dereva wa hoteli au teksi ya programu ya simu, kwa sababu ukitoka pale mlangoni watakujia madereva kumi kwa pamoja, kila mmoja akikuita dada na kushika begi. Si watu wabaya, wanatafuta riziki, lakini kubishana bei juani na watoto watatu si mwanzo mzuri wa likizo. Na semeni wazi mko sita na mizigo, gari dogo halitawatosha.

Mkifika chumbani ni saa tisa na kitu. Hapa ndipo wazazi wanapoharibu. Wanafungua mabegi yote kutafuta nguo za kuogelea, mswaki unapotea, watoto wanaruka vitandani, baba anauliza chaja iko wapi, na ghafla ni magharibi. Dawa yake ni begi moja dogo la siku ya kwanza, lililofungwa Nakuru na halikufunguliwa njiani. Ndani yake: nguo ya kuogelea ya kila mtoto, taulo mbili, ndara za kila mtu, nguo za kulalia, dawa ya homa ya watoto, mafuta ya kuzuia jua, kofia, na nepi za mdogo. Mabegi mengine yasiguswe hadi watoto walale. Kwa nguo mbichi beba mfuko wa kitambaa kizito au wa turubai. Mifuko ya plastiki ya madukani ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, kwa hiyo usitegemee utaokota mmoja hapa.

Kisha, saa kumi au kumi na robo, bahari. Hiyo ndiyo shughuli pekee ya siku ya kufika, na haina kiingilio.

Nina sababu ya kusema saa hiyo. Pwani yetu inatazama mashariki. Jua linazama nyuma yenu, upande wa bara, na kuanzia saa kumi vivuli vya minazi na majengo huanza kuufunika mchanga. Watoto wa Nakuru wanaweza kucheza kwa saa mbili bila kuungua, jambo ambalo saa sita mchana lisingewezekana. Na ngozi nyeusi nayo inaungua, usidanganywe, mabega ya watoto wa bara ninayaona yakibanduka kila Agosti. Na kwa kuwa pwani inatazama mashariki, msiwaahidi watoto kuliona jua likizama baharini. Hapa linachomoza baharini, Agosti kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na aliyelala mapema jana yake ataliona bila kuamshwa kwa nguvu.

Ila bahari ina saa zake, na huu ndio ushauri ambao wageni wengi hawaupati. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa karibu dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, tuna bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Hapa Mombasa siku za bamvua bahari hujaa karibu saa kumi jioni na kupwa karibu saa nne asubuhi. Katikati, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu, na saa hugeuka: yanajaa karibu saa nne asubuhi, yanapwa karibu saa kumi jioni, lakini tofauti yake ni ndogo.

Kwenu hii ina maana gani? Mkifika siku ya bamvua, saa kumi mtakuta maji yamekula mchanga wote na wimbi linapiga ukuta wa hoteli. Si wakati wa kumtia mtoto wa miaka 2 majini. Ngojeni hadi saa kumi na moja na nusu, maji yakianza kurudi, yataacha ukanda wa mchanga mbichi mgumu, mzuri kuliko wowote kwa kuchimba na kukimbia. Mkifika siku za maji mafu, saa kumi maji yatakuwa yametoka kidogo na yametulia, mtaingia hadi magotini bila wasiwasi. Angalieni mwezi kabla ya kuchagua tarehe, au muulizeni mlinzi wa hoteli mkifika: “Leo maji yanajaa saa ngapi?” Kila mtu wa pwani anajua. Agosti ni kusi, upepo unavuma kutoka kusini na bahari hutupa mwani ufukweni. Watoto watasema ni uchafu. Waambie ni majani ya bahari, mvae ndara, mpite. Maji yakipwa sana msiende kwenye miamba bila viatu, kuna wale wanyama weusi wenye miiba mirefu, na mwiba wao ukivunjika kwenye unyayo umeharibu siku mbili.

Ufukweni watakuja wauzaji: ngamia, mashua, vidani, kuandikwa jina kwenye kibao cha mti. Siku ya kwanza jibu ni moja, kwa tabasamu: “Ahsante, kesho.” Msinunue chochote mkiwa mmechoka.

Chakula cha usiku kiwe saa kumi na mbili na nusu, karibu na mnapolala. Najua mmesikia habari za samaki wa kupaka na wali wa nazi, na mtavila, lakini tumbo la mtoto lisilozoea tui zito, baada ya siku nzima ndani ya treni, halihitaji mtihani huo usiku. Kuku wa kuchoma, chapati, ndizi, maji mengi. Ukwaju na pilipili za viazi karai vingoje. Madafu wape, hayo hayana shida. Hewa ya hapa ni nzito na ya unyevunyevu, mtoto wa nyanda za juu hutoka jasho bila kujua, na maumivu ya kichwa ya jioni ya kwanza mara nyingi ni kiu tu.

Halafu chandarua. Nakuru malaria si jambo la kila siku, huku ipo. Kabla ya kuzima taa hakikisheni neti haina tundu na imeingizwa chini ya godoro pande zote, hasa kitanda cha mdogo. Kabla ya safari muulizeni daktari wenu kuhusu kinga, na mtoto akishikwa na homa hata wiki tatu baada ya kurudi, jambo la kwanza kumwambia daktari ni kwamba mlikuwa pwani.

Sasa mitelezo. Kwa hesabu yenu ya mwanzo, mngeacha Ijumaa ipite, Jumamosi ndiyo ingefuata, na Jumamosi ya likizo nusu ya Mombasa iko Links Road, penye Wild Waters, pamoja nanyi. Sogezeni safari: mfike Jumanne au Jumatano, muende kucheza siku inayofuata, lango linapofunguliwa. Watoto watakuwa wamelala kwa muda wa saa kumi au kumi na moja. Pigeni simu siku ile ya kufika, kutoka chumbani, muulize saa za kufungua, bei ya watoto kwa kimo au kwa umri, na mavazi yanayokubaliwa. Sehemu nyingi za michezo ya maji hazikubali fulana za pamba wala kaptula za jinzi ndani ya maji, na kama wewe au mama mkwe mnapenda vazi la stara, ulizeni hilo pia kabla, msije mkalijua mkiwa langoni.

Jambo moja lifanyeni mkiwa bado Nakuru. Pimeni watoto kwa utepe, mchore mstari kwenye fremu ya mlango. Mitelezo mirefu huwa na kimo cha chini, na huyo wa miaka 6 ndiye atakayeumia: dada au kaka anaruhusiwa, yeye anaambiwa rudi. Akijua mapema kwamba yake ni ile mifupi na ule mto wa kuelea juu ya tyubu, atalia Nakuru, mbali, na atakuwa ameshanyamaza wakifika.

Mume wako huenda akasema bado: tumelipa safari yote hii, siku ya kwanza lazima tuone kitu. Kama lazima, na mkafika mapema kweli, chaguo langu ni Haller Park, Bamburi, si mitelezo. Ni matembezi ya kivulini, mtoto mchovu anaweza kubebwa, na mnaweza kutoka baada ya saa moja bila kuona mmepoteza. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, jangwa jeupe. Mwaka 1971 Rene Haller, mtaalamu wa kilimo wa kiwanda hicho, alianza kupanda miti, na mivinje ndiyo iliyokubali. Shida ikawa majani yake membamba hayaozi, basi akaleta majongoo, haya haya marefu yenye miguu myekundu tunayoyaruka njiani, wakayala majani na kuyafanya udongo. Watoto wasipochoka kutazama twiga, waonyesheni jongoo. Na huyo wa miaka 9 msimulieni habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyebaki peke yake baada ya tsunami ya Desemba 2004, akaokolewa karibu na Malindi na kuletwa hapo, akamng'ang'ania kobe mkubwa aitwaye Mzee, wa miaka kama 130, akalala ubavuni mwake kama amemkuta mama. Lakini hata hivyo mimi ningepaweka siku ya tatu. Siku ya nne, kabla ya treni, msipange kitu.

Umenitajia mama mkwe kwa mstari mmoja tu, nami ningemweka mbele kidogo. Watoto wataiona bahari mara nyingi, inshallah. Yeye ndiye ya kwanza. Jioni ile ya kufika, ombeni kiti cha plastiki hotelini, mkipeleke hadi pale mchanga mbichi unapoanzia, akae, avue viatu, mawimbi yamfuate yenyewe. Mmoja wenu abaki naye wakati mwingine anakimbizana na watoto, na kiti kivutwe nyuma kila maji yakisogea. Leteni leso mbili, moja ya mabegani mwake maana kusi ni baridi jua likishatua, nyingine ya kumfungia mdogo akilowa.